Hodi ya Tatu ya Kheir Usi

Bi Mize alikuwa sokoni Darajani, ameinua shavu la samaki changu kwa kidole gumba ili aone wekundu wake ni wa leo au wa jana, simu ilipolia ndani ya mkoba. Ilikuwa Alhamisi, adhuhuri imeshaswaliwa. Changu yule alikuwa wa kaka yake, Kheir Usi, ambaye kila Alhamisi jioni alirudi Jang'ombe kutoka Kiwengwa, alikokuwa fundi mkuu wa mtandao wa kompyuta katika hoteli moja kubwa. Mize aliipokea simu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na magamba. Aliyepiga ni Tahiya, binti yake, aliyefanya kazi hotelini palepale chini ya mjomba wake.

Siku tisa nzima Mize alikuwa akingojea jambo moja tu kutoka Kiwengwa, nalo ni majibu ya mtihani wa kaka yake. Kwa hiyo hakungoja hata salamu.

"Kapasi?"

Kimya. Mize akadhani simu imekatika, na moyoni akawacheka: ukoo wenye mafundi wawili wa mtandao, na simu yao inakatika kama ya mtu mwengine yeyote. Akauliza tena, safari hii kwa sauti iliyowageuza wauza samaki wa meza ya pili.

"Mama," Tahiya akasema, "Mjomba kafariki."

Mize alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akayatamka maneno yote mpaka mwisho bila kukosea, kama anavyowafundisha watoto wa chuo chake cha Kurani. Kisha akabaki amesimama na changu mkononi. Muuza samaki ndiye aliyemtoa kidole shavuni mwa yule samaki, taratibu, kama mtu anayemchukulia mtoto kisu, akapindua ndoo yake na kumkalisha.

Ule mtihani aliouuliza Mize kabla ya salamu haukuwa mtihani wa juzi. Kheir alianza kuubishia hodi akiwa na miaka thelathini na sita. Sasa alikuwa na sitini na moja. Wapo watoto wa Jang'ombe waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kuacha, naye Kheir bado yuko mlangoni.

Alianzia kwenye simu za waya. Ujana wake wote aliumaliza Mji Mkongwe na ngazi begani, akipita Kiponda, Mkunazini na Hurumzi, akitafuta waya uliotafunwa na panya au uliokatwa na mtu anayejenga choo. Kompyuta zilipoingia na maofisi yakataka kuziunganisha, yeye ndiye aliyekuwa na ngazi, basi yeye ndiye aliyeitwa. Rafiki yake Himid, aliyefanya naye kazi ya simu na baadaye kufungua banda la kutengeneza redio mtaani kwao, alikuwa na msemo wake: wenziwe wameingia kwenye kompyuta kwa akili, Kheir kaingia kwa ngazi.

Lakini akili alikuwa nayo, na alikuwa na kiu. Alisikia kwamba kuna cheti cha juu kabisa cha ufundi wa mitandao, kinachotolewa na kampuni moja ya ng'ambo, na kwamba Unguja nzima hajulikani mtu aliyenacho. Kukipata kulikuwa na vizingiti viwili. Cha kwanza mtihani wa karatasi, ambao Kheir aliushinda kila alipoukalia. Cha pili mtihani wa vitendo. Hapo mtu hufungiwa chumbani tangu asubuhi mpaka alasiri, akapewa mitambo iliyonuniana, aipatanishe mpaka izungumze. Mize alipoelezwa alisema hiyo ni kazi ya kadhi, na kwamba kaka yake angeanzia na wake wenza wa jirani.

Mara ya kwanza alikwenda Dubai. Aliingia chumbani, akatazama nyuma ya makabati ya mitambo, akaona waya zimesongamana kama tambi zilizomwagika. Kheir hakuweza kuvumilia aibu ile. Alipiga magoti, akazichambua waya moja moja, akazifunga kwa mafungu, akazilaza sawasawa, na alipoinuka zilikuwa zimepita saa mbili na nusu. Mtahini alimshukuru sana. Akamwambia zimependeza, ila kwa bahati mbaya waya hazimo katika mtihani. Himid aliihadithia habari ile kwa miaka kumi na moja: mtu katoka Unguja na pasipoti kwenda kuwafagilia watu wa Dubai.

Mara ya pili alikuwa na miaka arubaini na saba, na mtihani ulikuwa Nairobi. Waya hakuzigusa. Saa saba mchana mitambo yote ilikuwa inazungumza, haina neno, na laiti angekunja mikono angerudi na cheti. Lakini aliona mahali pangeweza kuwa pazuri zaidi. Akagusa. Mambo yakazimika, akagusa pengine kuyawasha, yakazimika na yaliyobaki. Mize alisema kaka yake ana ugonjwa wa wapishi, wa kuutia mchuzi chumvi ya mwisho wakati watu wameshanawa.

Baina ya mtihani wa pili na wa tatu ndipo ilipozaliwa habari ya hodi.

Tahiya alikuwa na miaka kumi na mbili, na kila Ijumaa alikaa na mjomba wake barazani akimuuliza maswali. Kheir hakuwa na vitabu vya kumpa mtoto, basi alimfundisha kwa mitaa. Barua ya kompyuta, alimwambia, ni kama mgeni aliyeshuka bandarini Malindi na anatafuta nyumba Shangani. Hapana mtu mmoja anayemchorea njia yote. Anauliza baraza ya kwanza, wanamwonyesha baraza ya pili tu. Ya pili wanamwonyesha ya tatu. Na kichochoro kikiwa kimezibwa kwa shughuli ya harusi, baraza hiyohiyo humgeuzia kwengine. Ruta, mtambo unaozielekeza barua hizo, si kingine ila ni baraza yenye watu wanaojua jirani zao. Na kabla ya mitambo miwili kuzungumza, lazima ipigane hodi. Mmoja husema hodi. Wa pili husema hodi, karibu. Wa kwanza husema nshakaribia. Maneno matatu, ndipo mazungumzo yaanze.

Mize alikuwa jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alikuwa mwalimu wa chuo tangu mumewe alipofariki, na hakuweza kuisikia hodi ikisomeshwa nusu. Alitoka na mwiko mkononi akamsahihisha kaka yake mbele ya mtoto: hodi kwa mujibu wa mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ni mara tatu. Ukibisha mara tatu na usijibiwe, rudi zako bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutofungua.

Kheir alilipenda neno lile kuliko wali wa siku ile. Alisema basi mambo yamekuwa mepesi, yeye kashabisha mara mbili, kabakiwa na moja. Mize akasema naam, moja, kisha urudi bila kinyongo. Wakakubaliana, na Tahiya akawa shahidi.

Ya tatu ilichelewa. Maisara, mke wa Kheir, aliugua na kufariki, nao hawakujaaliwa mtoto; Kheir akahamia nyumba ya dada yake, kisha akapata kazi Kiwengwa. Alipofika hamsini na nane wakasikia watahini wenyewe wanakuja Dar es Salaam kwa wiki moja. Daktari alikuwa kashamwambia habari ya presha, hivyo Mize akafunga safari pamoja naye, amwangalie chumvi na usingizi. Walifikia kwa binamu yao, Magomeni.

Kabla ya kuondoka, Mize alimuuliza mtihani wenyewe ni wa namna gani. Kheir alikuwa ameinamia begi lake akihesabu soksi.

"Wa saa nane," alimjibu.

Kiswahili chetu kina neema nyingi, lakini hapo kiliwatega wenyewe. Kheir alikusudia urefu: saa nane za kukaa ndani, kuanzia saa mbili asubuhi. Mize alisikia wakati: saa nane ya mchana, watu wakishakula na kupumzika. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kila mmoja alifahamu vizuri sana.

Siku ya mtihani, dereva wa teksi alifika saa moja kasoro robo asubuhi, kama Kheir alivyomwagiza. Kheir alikuwa ameswali alfajiri na kujinyoosha palepale juu ya mswala, maana usiku hakulala. Mize alimwona hivyo akamwonea huruma. Alimfungulia dereva mlango, akamweleza kwa upole kwamba kakosea, mtihani ni wa saa nane, arudi saa sita. Akampa andazi la njiani kwa usumbufu. Kisha akaurudisha mlango wa chumba polepole na kuwaambia watoto wa binamu yake wakacheze nje.

Saa tatu na nusu Kheir alitoka chumbani akiuliza saa. Alipoambiwa alikaa kwenye kiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mize akadhani ni furaha ya mtu aliyelala vizuri, akamletea chai. Alipoelezwa kwamba mtihani umeanza saa mbili na aliyechelewa haingii, chai ilimwagika.

Waliporudi Unguja, habari iliwatangulia. Himid alimpa Mize jina siku ileile: Bi Saa Nane. Akipita bandani kwake, Himid humuuliza saa ngapi, ingawa nyuma yake ukutani kuna saa kumi na mbili za watu zinazongojea betri. Katika harusi moja ya Kikwajuni mwanamke asiyemjua alimnong'oneza mwenzake kwamba huyo ndiye. Mize alicheka na wanaocheka, kwa sababu asiyecheka huongezewa. Lakini hapakupita swala ya miaka mitatu iliyofuata ambayo hakuukumbuka mlango ule aliourudisha kwa mikono yake, polepole, kwa mapenzi.

Kisha Tahiya, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima na amechukua vyeti viwili vya chini kwa miaka miwili bila kelele, alileta habari kwamba watahini wanarudi Dar es Salaam. Kheir alikataa kabla Tahiya hajamaliza sentensi. Alisema yeye ni Mwislamu na hodi zake zimekwisha. Hodi ya kwanza Dubai, ya pili Nairobi, ya tatu Magomeni. Mwenye nyumba hakufungua. Yeye karudi bila kinyongo kama alivyofundishwa na mwalimu Mize.

Mize hakutegemea kupigwa kwa fimbo yake mwenyewe. Alisema ya Magomeni haihesabiwi, maana hapana mtu abishaye hodi hali hajafika kizingitini.

"Amali ni kwa nia, Mize," Kheir alisema. "Si wewe unayewasomesha watoto? Nia nlikuwa nayo, begi nlikuwa nalo, na andazi la dereva lilitoka."

Wakabishana hivyo wiki tatu. Himid naye aliingia, akasema hata kikipatikana, cheti chenyewe muda wake miaka mitatu tu, kisha kinakufa. Kheir akamjibu kwamba hata leseni ya Himid ya udereva ina mwisho, na Himid hajui kuendesha. Ilionekana kama mchezo wa kawaida wa nyumba ile, lakini Tahiya aliona kwamba mama yake hali chakula sawasawa.

Ijumaa ya wiki ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Mize hakuondoa sahani. Alikaa mkekani mbele ya kaka yake na kuuweka mtandio wake vizuri kichwani, kama mtu anayetaka kuswali.

"Kaka, nnakuomba radhi," alisema. "Watu wamecheka, na mimi nimecheka nao. Lakini mlango ule niliufunga mimi. Umengoja umri mzima, na mimi nikamrejesha dereva wako. Nikifa leo ntaulizwa."

Kheir alitaka kufanya mzaha. Tahiya, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema aliuona mzaha ule ukimfika mdomoni na kurudi. Kheir aliweka kikombe chini.

"Nlikuwa macho, Mize."

"Lini?"

"Siku ile. Nlimsikia dereva akibisha. Nikakusikia unamwambia arudi saa sita. Nikajua umekosea."

"Na hukuinuka?"

"Niligeuza ubavu."

Akaeleza yote, kwa sauti ndogo, akiitazama chai. Mara ya kwanza alishindwa akasema ni waya. Mara ya pili akasema ni mkono. Mara ya tatu akishindwa angesema ni nini, zaidi ya kwamba ni yeye? Usiku ule wa Magomeni hakulala kwa hofu hiyo, na alipomsikia dada yake akimrejesha dereva, moyo wake ulitulia kama wa mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu mgonjwa. Alikusudia kumwambia njiani, kwenye boti. Lakini kwenye boti Mize alikuwa akilia, na kufika Unguja watu walikuwa wanacheka, na kila siku iliyopita ukweli ulizidi kukosa mahali pa kuingilia.

Mize aliziinamia sahani. Tahiya alidhani mama yake analia, kumbe anahesabu. Alikuwa anahesabu miaka mitatu ya Bi Saa Nane, asubuhi na jioni, pamoja na ile harusi ya Kikwajuni.

"Kheir," alisema mwishowe, na tangu azaliwe hakuwahi kumwita jina tupu bila ya kaka. "Hodi ile hukuibisha. Ulijificha nyuma ya kanga yangu. Basi una hodi moja kamili, na utakwenda kuibisha."

"Ntakwenda."

"Na kwanza utakwenda kwa Himid."

Hiyo ya Himid ilikuwa ngumu kuliko mtihani. Lakini Kheir alikwenda alasiri ileile, akasimama bandani mbele ya watu wanne na redio zao, akasema kwamba siku ile alikuwa macho na dada yake hana kosa. Himid alizima chuma chake cha kulehemu ili asikie vizuri. Jina la Bi Saa Nane lilikufa siku hiyo, na kabla ya magharibi Jang'ombe ilikuwa imeshapata jipya, Fundi Pono, kwa ajili ya samaki yule ambaye usingizi wake unasifika. Mize aliposikia alisema Mwenyezi Mungu ni mwadilifu, na jioni hiyo akampikia kaka yake mkate wa kumimina.

Walikwenda Dar es Salaam pamoja tena. Safari hii Mize alimfikisha mlangoni saa moja na dakika tano, akamkabidhi kwa mlinzi, na hakuondoka. Mlinzi alimwambia mtihani ni mrefu. Mize akamjibu kwamba urefu wake anaujua yeye kuliko mtu yeyote, akaomba kiti, akatoa tasbihi na chupa ya chai.

Watahiniwa wenzake walikuwa sita, mkubwa wao hajafika thelathini. Kheir alipoingia na kofia yake na miwani, wote sita walisimama na kumwamkia shikamoo, wakidhani mtahini kafika. Aliwaitikia marahaba, akawaambia wakae, kisha akavuta kiti akakaa baina yao. Alisema baadaye kwamba hajapata kuona nyuso za vijana zikifarijika namna ile.

Siku ile waya zilikuwa mbaya kuliko za Dubai. Aliziangalia mara moja akageuza uso. Saa tisa alasiri mitambo yote ilikuwa inaitikiana, na ilibaki saa nzima. Aliona mahali pawili pangeweza kuwa pazuri zaidi. Kheir aliingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia, akasoma kila sura fupi aliyoihifadhi, mpaka kengele ikalia. Alipotoka, Mize alimtazama mikono kabla ya uso. Ilikuwa na alama za kiti.

Waliambiwa majibu yatakuja kwa barua pepe, siku chache. Kheir akarudi Kiwengwa. Mize akarudi chuoni kwake, na kila siku baada ya adhuhuri alimpigia Tahiya, na kila siku Tahiya alimwambia bado.

Jumatano Tahiya alisema bado, na hiyo haikuwa kweli. Alimweleza mama yake Alhamisi ile, baada ya gari la hoteli kumleta Kheir nyumbani na wanaume kumwingiza ndani. Majibu yalikuja Jumatano asubuhi. Mjomba wake alikuwa katika chumba cha mitambo, pale hotelini. Aliisoma barua mara mbili, akampa yeye asome, kisha akasujudu baina ya makabati, mahali pembamba hata akagonga kiwiko. Alikuwa amepasi. Alipoinuka alimwambia Tahiya asimwambie mama yake, kesho atakwenda mwenyewe, kwa sababu anataka amwone Mize atakavyojitia hajali. Siku ya pili, baada ya kuswali adhuhuri, alirudi chumbani mle akakaa kwenye kiti chake na kuegemea ukuta. Tahiya alipomletea chakula alimkuta hivyo. Daktari wa hoteli alisema ni moyo.

Mize alisikiliza mpaka mwisho. Ualimu haukumwacha hata saa ile. Aliuliza kama wakati wa kusujudu alikuwa na udhu. Tahiya akasema alikuwa nao. Mize akasema alhamdulillah, na hapo ndipo alipolia.

Walimwosha Ijumaa asubuhi, uani, nyuma ya mashuka. Himid alikuwa mmoja wa waoshaji, na siku hiyo hakusema neno lolote ila la dua. Walimvika sanda, wakamtia karafuu maiti na udi, wakamweka kitandani chumba cha mbele. Kisha wanawake wa nyumba wakaitwa wamwone. Tahiya aliingia, akatoka. Mize aliingia mwisho. Uso wa kaka yake ulikuwa wazi na umetulia. Alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia amemsamehe na yeye amsamehe, akasoma Fatiha, akarudi nyuma ili wafunge sanda.

Saa nne waliinua jeneza. Wanaume walitoka nalo wakisoma, wakibadilishana mabega, mpaka msikiti wa mtaa, wakamswalia, kisha wakampeleka makaburi ya Mwanakwerekwe na kumzika karibu na Maisara. Wanawake walibaki nyumbani. Mize alisimama mlangoni mpaka sauti za kisomo zilipopotea njiani, akaingia ndani, akachukua juzuu yake ya Kurani, akakaa na wenzake mkekani, wakaanza kusoma.